Kilimanjaro kwa Ubavu

Vijana wawili wakishuka stendi ya Moshi na mabegi makubwa mgongoni, anayewafikia kwanza huwa na swali moja: "Mnapanda lini?" Hana haja ya kuuliza wanapanda nini. Mji huu umezoea kwamba mwenye begi la namna hiyo amefuata kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kwamba kabla jua halijazama atakuwa ameshatafutiwa mwongozaji, mpishi na wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu.

Lakini wako wasiopanda. Hawa hununua maji na ndizi mbivu, wakaingia Hiace ya Kibosho, wakashuka huko juu na kuanza kutembea kuelekea mashariki, kilima baada ya kilima, theluji ikiwa kushoto kwao na tambarare kulia. Safari yao haina cheti mwishoni wala haipiti geti la hifadhi. Inapita kwenye migomba ya watu, mbele ya makanisa ya mawe na vilabu vya mbege, na katika sehemu ambazo mpandaji huziacha nyuma akiwa ndani ya gari: ngome zilizobomoka, mahandaki ya vita, mahali waliponyongwa wafalme.

Sababu ya kwenda kwa ubavu imo katika umbo la mlima wenyewe. Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana, Shira, Kibo na Mawenzi, na maji yake yamechimba makorongo marefu kutoka msituni hadi bondeni. Kupanda na kushuka si kazi kubwa, maana barabara nyingi hufuata migongo ya vilima. Kazi iko kwenye kuvuka. Mto Weruweru unatenga Machame na Kibosho. Mbele kuna Karanga, Rau na mingine mingi. Karibu kila mgongo ulikuwa na mangi wake, yaani mfalme, askari wake na lugha yake, na hadi leo Mmachame na Mrombo wakikutana huona heri wazungumze Kiswahili. Mtu akishuka korongo na kuibukia ng'ambo ya pili, amevuka mpaka wa nchi ya zamani bila kuonyesha pasipoti.

Ndiyo maana safari hii ni ya watu wawili. Njia za makorongoni huteleza hata siku isiyo na mvua, na mwenye begi zito huhitaji mkono wa kumvuta. Zaidi ya hapo, vijijini watu wawili huulizwa habari, wakakaribishwa. Mmoja peke yake hutazamwa kwanza.

Kibosho ni mahali pazuri pa kuanzia. Hapa, katika karne ya 19, alitawala Mangi Sina, ambaye boma lake lenye kuta za mawe lilikuwa miongoni mwa ngome zilizoogopwa zaidi mlimani. Hasimu wake mkubwa alikuwa Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana kwa wageni kwa jina la Mandara. Rindi alikuwa hodari wa diplomasia. Wajerumani walipofika aliwafanya marafiki, na Februari 1891 jeshi la Hermann von Wissmann lilipoivamia Kibosho na kulivunja boma la Sina, askari wa Moshi walikuwa pamoja nalo. Mambo yaliyofuata yanasubiri vilima viwili mbele, na msafiri asiyejua habari ya Kibosho atafika huko asielewe anachokiona.

Katikati kuna Uru. Wengi huja hapa kwa ajili ya maporomoko ya Materuni, lakini hazina ya Uru iko kwenye mashamba yanayozunguka njia. Kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, wenyeji wa mlima huu, kimepangwa kwa ghorofa: juu miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na ardhini magimbi na maboga. Maji huletwa na mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka mitoni na kulindwa na koo kwa vizazi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, iliyo huku Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Kwa mwenyeji ni shamba la babu tu. Mpaka wake haukuwekwa nguzo ya saruji. Umepandwa masale, ule mmea wa majani marefu ambao pia hupelekwa kwa jirani mtu anapokwenda kuomba msamaha.

Chakula cha njiani ni ndizi kwa sura zote. Asubuhi mtori, ndizi na nyama vilivyopondwa mpaka vikawa supu nzito. Mchana kiburu, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, au machalari yenye nyama. Jioni ni mbege, inayotengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi na gome la msesewe la kuipa uchungu. Huletwa katika kata ya kibuyu, na kwa desturi mwenyeji huonja kwanza ili mgeni anywe bila shaka moyoni. Kata ni moja, marafiki ni wawili, na haifai kuichungulia kabla ya kunywa. Wakishiba na kuondoka, neno la shukrani ni "aika": "aika mbee" kwa mzee wa kiume, "aika mae" kwa mama.

Kisha Old Moshi, kilomita kama kumi juu ya mji wa sasa.

Huu ndio uliokuwa Moshi wenyewe, makao ya Rindi na baadaye ya Wajerumani, kabla reli ya kutoka Tanga haijafika bondeni mwaka 1911 na kuuvuta mji chini. Rindi alikufa mwaka 1891, mwaka uleule wa kuvunjwa kwa Kibosho, na mwanawe Meli akarithi kiti. Meli hakurithi urafiki. Juni 1892 askari wake waliwashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, von Bülow. Wajerumani walirudi Agosti 1893 wakiongozwa na Gavana von Schele, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900, baada ya kutuhumiwa kula njama ya uasi, Meli alinyongwa hapa pamoja na wengine 18. Miongoni mwao alikuwamo Mangi Molelia wa Kibosho, mtoto wa Sina. Watoto wa mahasimu wawili, ambao baba zao walipigana hadi mmoja akashirikiana na wageni kumwangusha mwenzake, walikufa siku moja kwa mkono wa wageni walewale.

Mti unaotajwa kuwa ndio uliotumika bado upo, na karibu yake kuna sanamu ya Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe kinaaminika kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alitumia miaka mingi kukidai, akatoa hata sampuli ya vinasaba. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu ya kutoka Afrika Mashariki vimelingana na vya familia zinazoishi Tanzania. Fuvu la Meli halikuwa miongoni mwao. Msafiri aliyewahi kutembelea magofu ya Kilwa au Gedi amezoea kusimama mbele ya kuta za watu waliokwisha kusahaulika. Old Moshi ni tofauti: anayekuonyesha mti anaweza kuwa wa ukoo wa waliouawa, naye hazungumzii mambo ya kale.

Kutoka hapo njia inakwenda Kirua na Kilema, na Kilema ndiko alikofika mmoja wa wasafiri wa kwanza wa Kizungu kuja mlimani. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliondoka Rabai karibu na Mombasa mwezi Aprili 1848 akiwa na wapagazi wachache, mwavuli, na mwongozaji aliyeitwa Bwana Kheri. Asubuhi ya 11 Mei aliona weupe juu ya mlima, akamuuliza mwenzake ule ni nini. Bwana Kheri alijibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, akaandika, na habari ilipochapishwa mwaka uliofuata, mtaalamu wa jiografia aliyekaa London, Desborough Cooley, aliikejeli. Theluji karibu na ikweta haiwezekani, alisema. Jina la Rebmann limo kwenye vitabu vya shule. La aliyemjibu halimo.

Kilema ina kumbukumbu nyingine inayonukia zaidi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kupanda kahawa, na kutoka bustani za namna hiyo zao hilo likaenea vihambani. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika ambao jengo lake bado linasimama katikati ya Moshi. Marafiki wanaorudi mjini wamechoka hunywa pale kahawa ya vilima walivyovikanyaga.

Marangu ndiyo geti kongwe la wapandaji, lakini mwenye kwenda kwa ubavu huishia chini ya ardhi. Huku na Mamba kuna mahandaki yaliyochimbwa wakati wa vita vya mamangi na mashambulizi ya Wamasai, ili kuficha wanawake, watoto na ng'ombe. Mlango ni mwembamba kiasi cha mtu kuinama, hivyo adui aliingia kichwa mbele, tena peke yake. Ndani kuna vyumba vya watu, vya mifugo, na matundu ya hewa. Waongozaji husimulia kwamba udongo ulimwagwa mtoni usiku usije ukawafichua wachimbaji. Ukitoka ukiwa na vumbi magotini, Mamba ina wahunzi wanaofua chuma kwa mivuo ya ngozi, kazi iliyowapa Wachagga majembe na mikuki.

Marangu pia inakumbuka safari mashuhuri kuliko zote za marafiki wawili. Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Huwa wanatajwa wawili. Lakini katika kambi ya juu aliyebaki nao, akiwalindia hema na moto kwenye baridi ile, alikuwa mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani, na Marangu yenyewe inamheshimu Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, kuwa mwongozaji wa msafara huo. Meyer alikipa kilele jina la mfalme wake. Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha hapo bendera ya Tanganyika na mwenge, na kilele kikaja kuitwa Uhuru.

Anayetaka kujaribu njia hii achague miezi yake. Masika, kati ya Machi na Mei, makorongo hayapitiki kwa raha. Januari, Februari, na kuanzia Juni hadi Oktoba njia hukauka na mlima hujitokeza asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Mwisho wa Desemba nyumba zote za vihambani hujaa, kwa kuwa Wachagga wa mijini wamerudi, au kama watani wao wasemavyo, wamekwenda kuhesabiwa. Tiketi za basi hupanda bei, lakini hakuna wakati mzuri zaidi wa kukaribishwa nyama. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi, ilianza tena Desemba 2019. Vijijini kuna vikundi vya utalii wa utamaduni vyenye waongozaji wao, na maporomoko na mahandaki yana kiingilio. Mipaka ni ya kuzingatia: juu ya vijiji kuna ukanda wa msitu uitwao nusu maili, na juu yake hifadhi ya taifa, ambako mtu haingii bila kibali.

Njia inamalizikia Rombo, ubavu wa mashariki, Kenya ikionekana chini. Huko Keni, mwanzoni mwa karne ya 19, alitawala Mangi Horombo, aliyejenga ngome za mawe na kuzitiisha nchi nyingi za jirani kabla Mzungu yeyote hajauona mlima. Mtu akisimama Keni jioni, Mawenzi ndiyo iliyo mbele yake, imechongoka. Nyuma ya bega la Mawenzi, kwenye njia ya Marangu, mita 3,720, kuna kambi ya vibanda vya mbao. Wakati huohuo wageni kutoka nchi nyingi wanawasili pale, wanavua mabegi na kuandika kwenye daftari jina la mahali watakapolala: Horombo. Usiku wa kuamkia hapo walikuwa wamelala Mandara.