Mwanao anapoanza chuo Mwanza

Mzazi, umemnunulia mwanao godoro, ndoo na pasi, ukampandisha basi la Mwanza. Je, umemfundisha kwenda hospitali peke yake? Nyumbani wewe ndiye uliyegundua kwamba hali chakula, ukampeleka kupimwa. Chuoni kazi hiyo ni yake, na haimo kwenye ratiba ya masomo.

Chukua mfano wa kichocho. Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), Ziwa Victoria liko jirani. Kijana aliyetoka mkoa usio na ziwa huyatamani maji, akaoga na wenzake. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi kwa dakika chache, hata isiyo na jeraha.

Kichocho cha ukanda huu hasa ni cha tumbo. Wiki kadhaa baadaye tumbo huuma, mtu huharisha, pengine choo huwa na damu. Wengi husingizia chakula cha mgahawani, wakanunua dawa dukani. Ugonjwa ukikaa miaka bila tiba huharibu ini, na mgonjwa anaweza kutapika damu.

Tiba ipo: vidonge vya prazikwanteli, hutolewa kulingana na uzito. Ila havikuzuii kuambukizwa tena ukirudi majini.

Mwanafunzi, mweleze daktari kwamba uliingia ziwani, wala usione aibu kutaja damu. Kukua ni pamoja na hilo. Nawe mzazi, akipiga simu usiulize matokeo tu. Muulize pia anaendeleaje kiafya, na umsikilize bila kufoka.