Mabadiliko ya Bei ya Petroli Nchini Tanzania Tangu Miaka ya 1970

Makala hii inaeleza namna bei ya petroli ilivyobadilika nchini Tanzania tangu miaka ya 1970. Hoja yake ni kwamba bei anayolipa mnunuzi kituoni haitokani na bei ya mafuta ghafi duniani peke yake, bali pia na thamani ya shilingi pamoja na kodi na tozo za Serikali. Asiyeyatenganisha mambo hayo huweza kumlaumu asiyehusika.

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziliyanyima mafuta mataifa yaliyoiunga mkono Israeli vitani. Katika miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 yaliipandisha tena hadi zaidi ya dola 30, wakati Tanzania ikitoka katika Vita vya Kagera huku akiba yake ya fedha za kigeni ikiwa imepungua mno. Kwa kuwa bei ilipangwa na Serikali, makali ya soko la dunia yalijitokeza zaidi katika uhaba: foleni vituoni, na magari binafsi kuzuiwa kutembea Jumapili alasiri. Mwananchi alilipa kwa muda wake kile ambacho hakukilipa kwa fedha.

Kufikia mwaka 2000 biashara ya mafuta ilikuwa imefunguliwa kwa kampuni binafsi. Tangu mwaka 2009 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo, ambazo hujumuisha gharama za ununuzi na usafirishaji, kodi, tozo na faida ya wauzaji. Ndiyo maana bei za Kigoma huwa juu kuliko za Dar es Salaam. Hata hivyo, udhibiti huo una mipaka yake: Agosti 2011, EWURA iliposhusha bei, baadhi ya kampuni zilisita kuuza na uhaba ukarejea kwa muda.

Nafasi ya shilingi hudhihirika tukilinganisha miaka miwili. Julai 2008 pipa lilifikia dola 147, na dola moja ilikuwa takriban shilingi 1,200. Juni 2022 pipa lilikuwa takriban dola 120, na dola ilikuwa takriban shilingi 2,300. Pipa moja lina lita 159. Hivyo, lita ya mafuta ghafi iligharimu takriban shilingi 1,110 mwaka 2008 na shilingi 1,740 mwaka 2022. Kwa dola, mafuta yalikuwa nafuu zaidi mwaka 2022. Kwa shilingi, yalikuwa ghali zaidi. Mwaka huohuo petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku.

Aidha, tozo nyingi hutozwa kwa kiwango maalumu kwa kila lita, kama ile shilingi 100 iliyoongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya barabara. Tozo za namna hiyo hazishuki mafuta ghafi yanaposhuka. Kwa hiyo, bei ya dunia ikipungua kwa nusu, bei ya kituoni haiwezi kupungua kwa nusu, hata pasipo mfanyabiashara kujiongezea faida.

Kwa kuwa nauli na bei za vyakula huifuata petroli, mjadala wa haki kuhusu bei hiyo hauna budi kuanza na swali hili: kati ya pipa, shilingi na tozo, ni kipi kilichobadilika?