Mshahara na Kalamu

Kijana mmoja tuliyemsomesha alitujia baada ya Isha, akatwambia ameacha kutunga. Kazi ya ukarani, alisema, humrudisha nyumbani hana nguvu hata ya kushika kalamu. Hatukumlaumu, nasi tukisomesha kutwa, usiku hatufai kitu.

Tulimtajia marehemu Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909. Tangu 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha, kisha akashika kazi nyingine za serikali, na mashairi yake mengi aliyatunga hali yu mwajiriwa. (Wako wadhanio kuwa mtunzi hula kwa kutunga!)

Basi tukahesabu pamoja. Ubeti wa utenzi una vipande 4, kila kipande mizani 8. Huweza kutungwa njiani, kichwani, pasipo karatasi. Ubeti mmoja kila siku baada ya Alfajiri, akili ikiwa bado haijatumwa na mtu, ni zaidi ya beti 300 kwa mwaka.

Akauliza, “Na siku nikishindwa na usingizi, maalim?”

Tukamjibu akisha kusali alale.

Juma lililopita alituletea beti 11. Katika mbili kina cha mwisho kimepotoka, tumemrudishia.