Moshi wa Buluu na Ukweli wa Muuzaji

Kijana mmoja wa Ng'ambo alitujia baada ya sala ya Ijumaa na suala ambalo tumeona yafaa tulieleze hapa, kwani si lake peke yake. Alikuwa amenunua motokaa ya mbio ya milango miwili, iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Fedha alizidunduliza miaka mitatu, na zilipopelea, mama yake akauza bangili zake za dhahabu. Haukutimia mwezi wa pili gari ikaanza kutoa moshi wa buluu. Fundi mmoja akamnong'oneza: "Tia oili nzito, moshi utapungua kwa siku chache, kisha uiuze upesi." Kijana akatuuliza: "Maalim, nina makosa nikifanya hivyo? Nami niliuziwa hivyo hivyo."

Kabla ya kumjibu, na tuzitazame kwanza gari zenyewe, maana asiyejua maradhi hawezi kujua gharama ya dawa.

Tuchukue mfano wa Toyota Celica, gari yenye jina kubwa katika Afrika Mashariki. Ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mfululizo miaka ya 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan aliyashinda akiiendesha. Haishangazi basi kuwa vijana wetu waipenda. Lakini umbo lake la mwisho lilianza kutengenezwa mwaka 1999, na mwaka 2006 gari hiyo ikaachwa kabisa. Mwenye kuinunua leo anunua kitu cha umri wa miaka ishirini au karibu yake. Sura yake yaweza kuwa ya kijana, lakini mifupa ni ya mzee.

Gari hiyo ya mwisho ilikuwa na injini za namna mbili. Ya kawaida huitwa 1ZZ. Aibu yake iliyojulikana, hasa katika zile za mwanzo, ni kuwa vitundu vya kurudishia oili katika pistoni havikutosha. Oili huganda, ringi hunata, na oili huungua pamoja na petroli. Moshi wa buluu ndio ushahidi wake. Injini hiyo huchukua oili lita 3.7 hivi. Tuseme inaunguza lita moja kwa kila kilomita 1,000, na mwenyewe aendesha kilomita 40 kwa siku. Kwa mwezi ni kilomita 1,200, na kwa mwaka ni zaidi ya lita 14 za oili zilizogeuka moshi. Asipoiongeza, haitapita miezi mitatu ila itakuwa karibu imekauka, na injini itakufa kabla ya hapo. Tiba yake ni kuifungua yote na kutia pistoni na ringi mpya, au kununua injini nyingine iliyotumika, ambayo nayo yaweza kuwa na maradhi yale yale.

Injini ya pili, 2ZZ, ndiyo ya mbio hasa. Nguvu yake huzindukana inapozunguka zaidi ya mara 6,000 kwa dakika. Ndani yake mna boliti mbili za kushikilia vyuma vya kunyanyulia vali, ambazo katika injini za mwanzo zililika hata zikakatika, na ile nguvu ya juu ikapotea. Boliti hizo ni kitu cha bei ndogo. Kitu cha bei kubwa ni kuzipuuza, au kukosea gia katika mwendo wa kasi hata pampu ya oili ikavunjika na injini nzima ikaharibika.

Ama kisiwa chetu nacho kina hukumu yake. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na gari ambayo haiwezi kuingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe hulala nje, ikilambwa na upepo huo. Nyingine zatoka sehemu za Japani zinazomwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, zikafika kwetu na kutu chini ya tumbo. Tairi zake ni nyembamba ubavuni, na shimo moja katika njia ya shamba latosha kupinda rimu. Na Unguja yenyewe haifiki kilomita 90 kwa urefu. Kasi yote ile ya kwenda wapi?

Hatusemi kuwa kupenda gari nzuri ni dhambi. Twasema kuwa bei aliyoitaja muuzaji ni mlango tu wa gharama. Mwenye fedha za kununulia tu, asiye na akiba ya matengenezo, bado hajawa na uwezo wa kununua. Sisi twashauri akiba isiyopungua thuluthi ya bei iwekwe kando. Gari iwashwe asubuhi injini ikiwa baridi, na moshi utazamwe. Kijiti cha oili kichomolewe. Gari inyanyuliwe na chini yake imulikwe. Kama ilipita mnadani Japani, karatasi ya mnada idaiwe, na daraja ya R ikionekana ijulikane kuwa ilipata ajali ikatengenezwa. Na fundi wa kuikagua awe wa mnunuzi, asiwe wa muuzaji.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tulimkumbusha habari ya Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta chini yake umajimaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akawatenga wadanganyifu na umma wake. Oili nzito ndani ya injini mbovu si chochote ila ni chakula kikavu juu ya kilichorowa. Wala kusema "nauza hivi ilivyo" hakumwokoi aliyeijua aibu akaificha. Mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Na kudanganywa jana si ruhusa ya kudanganya leo. Kama aliyemuuzia alijua, haki yake aidai kwake, asiidai kwa Mwislamu mwingine asiye na habari.

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Na bangili za mama?"

Suala hilo lilituuma, wala hatukuwa na jibu la kuzirejesha. Tulimwambia tu kuwa mama hakuzitoa ili mwanawe awe mdanganyifu. Akaenda, akaieleza kasoro ya gari kwa kila aliyekuja kuitazama. Wawili waliondoka. Wa tatu, fundi aliyejua kuitengeneza, aliinunua kwa bei pungufu sana. Kijana sasa apanda daladala, na kila mwezi humwekea mama yake kidogo kidogo.

Fedha alipata hasara, hilo hatulifichi. Lakini akikutana na aliyemuuzia, iwe Darajani au Forodhani, hana haja ya kugeuza uso.

Wabillahi taufiq.