Mdiria Asimamavyo Hewani

Huenda wewe ni mfanyakazi katika viwanda vya Nyakato, na siku ya Jumapili huteremka pamoja na watoto hadi Mwaloni, Kirumba, kununua samaki. Kabla hujageuka kurudi nyumbani, tazama juu ya maji. Ndege mdogo mweusi na mweupe, mwenye mdomo mrefu kama sindano ya magunia, amesimama hewani. Haendi mbele wala harudi nyuma. Mabawa yanapiga kwa kasi, kichwa kimetulia, macho yanatazama chini. Mara anajitosa kama jiwe, na aibukapo ana dagaa au furu mdomoni. Huyo ndiye mdiria.

Mtoto akikuuliza, "Baba, mbona haanguki?" utamjibuje?

Wengi hudhani kuwa ndege huelea kwa sababu ni mwepesi. Lakini mdiria huyu ana uzito wa gramu 80 hivi, na hewa haimbebi bure. Mwaka 1687 mwanasayansi Mwingereza, Isaac Newton, alieleza kwamba kila msukumo huzaa msukumo mwingine ulio sawa nao, uelekeao upande wa pili. Mpiga kasia husukuma maji nyuma, na mtumbwi ukaenda mbele. Ndege naye husukuma hewa chini, nayo hewa humsukuma juu.

Arukapo kwenda mbele, kazi hugawanywa. Sehemu ya bawa iliyo karibu na mwili huielekeza chini hewa ipitayo, na hivyo humwinua. Ncha ya bawa, ipigapo chini, ndiyo hasa humsukuma mbele. Bawa lipandapo hukunjwa kidogo lisizuiwe na hewa, kama vile mvuvi alitoavyo kasia majini kabla ya kupiga tena.

Kusimama hewani ni kazi nzito zaidi. Hakuna mwendo wa kuleta hewa bawani, hivyo yote lazima itokane na mapigo yenyewe. Mdiria huinua kifua, akayapeleka mabawa mbele na nyuma, akiimwaga hewa chini bila kukoma. Upepo wa ziwani ukivuma humpunguzia taabu, maana humletea hewa bawani.

Ndege mkubwa hawezi kazi hiyo kwa muda mrefu. Ukimkuza ndege mara 2 kwa urefu, eneo la mabawa huongezeka mara 4, lakini uzito huongezeka mara 8. Ndiyo maana tai mla samaki hupenda kutandaza mabawa, akabebwa na hewa ya joto ipandayo.

Taabu hiyo ya mdiria hugusa hata malezi. Katika miaka ya 1970 na 1980, mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hawa nchini Kenya, katika Ziwa Viktoria na Ziwa Naivasha. Aliona kwamba huku Viktoria, penye mawimbi zaidi, wazazi wawili peke yao hushindwa kuwashibisha makinda wote. Hivyo vijana wa kiume husaidia kuwalisha wadogo zao, na hata madume wasio wa ukoo hukubaliwa. Naivasha, penye nafuu, wageni hao hufukuzwa.

Basi mwambie mwanao kwamba ndege yule haelei, yumo kazini. Kila pigo la bawa hulipwa kwa samaki, na katika nyumba yenye makinda wengi, kila mwenye bawa huleta chake.