Mifumo Miwili Katika Kompyuta Moja: Kuuondoa Usiotakiwa

Katika komuni ya Annexe, iuzungukayo Lubumbashi, jamaa nyingi zenye kompyuta zinayo moja tu. Humo baba hutunza hesabu zake, kijana huandika kazi yake ya chuo kikuu, na picha za marehemu bibi zi humo pia. Baadhi ya kompyuta hizo zikiwashwa huonyesha orodha: Ubuntu au Windows? Mmoja hautumiki, nao umeshika nafasi kubwa, basi mwenyewe ataka kuufuta. Twamwambia: ngoja kwanza.

Mifumo hiyo hukaa katika diski kama ndugu wawili waliogawana nyumba kwa ukuta. Lakini mlango ni mmoja, na bawabu wake, aitwaye GRUB, alikuja na Linux, yaani ukoo wa Ubuntu. Vitu vyake vimo chumbani mwa Linux. Chumba hicho kikibomolewa kabla ya kumpata bawabu mwingine, kioo huwa cheusi chenye maneno machache, na kompyuta husimama hapo. Windows ni nzima, faili ni nzima, ila hakuna wa kufungua. Hapo ndipo mtu hukimbilia fundi, na fundi mwenye haraka hufuta diski yote. Tumeona kazi ya mwaka mzima ya mwanafunzi ikipotea hivyo.

Basi nakilini kwanza faili zote katika diski ya nje. Windows kwa kawaida haisomi chumba cha Linux, hivyo yaliyomo humo yatoeni mkiwa katika Linux yenyewe. Tengenezeni pia flashi ya kuirekebishia Windows. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andikeni ufunguo wake karatasini. Betri na ijae. Umeme wetu mwaujua.

Kisha mbadilisheni bawabu. Katika kompyuta zenye UEFI, ingieni kwenye mipangilio ya kuwashia, mkaweke Windows Boot Manager mbele. Katika zile za zamani za BIOS, washeni kwa flashi ya Windows, mwandike bootrec /fixmbr. Zimeni, washeni tena. Ikiingia Windows bila kuonyesha orodha, njia ni nyeupe.

Sasa fungueni Gestion des disques, mkafute sehemu za Linux tu. Hazina herufi kama C:, lakini si kila isiyo na herufi ni ya Linux! Ile ya EFI na ile ya kurekebishia msiziguse. Pimeni kwa ukubwa mliouandika mlipokuwa katika Linux. Nafasi iliyoachwa huungana na C: ikiwa tu yaifuata papo hapo kwa upande wa kuume, isipokuwa hivyo, ifanyeni D:.

Na kama isiyotakiwa ni Windows? Wengi wauliza hivyo tangu Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo kazi ni nyepesi, maana bawabu habadilishwi. Nakilini faili, futeni sehemu ya Windows, iacheni ya EFI, kisha katika Ubuntu andikeni sudo update-grub ili orodha iandikwe upya.