Usalama Kazini Johannesburg: Serikali Ipi Hukagua Nini

Mfanyakazi anapoumia kazini, saa za mwanzo ni za matibabu. Siku zinazofuata mara nyingi hupotea katika foleni za ofisi zisizohusika. Mmoja huenda manispaa akaambiwa kwamba shauri lake si la manispaa. Mwingine hungoja, akidhani kwamba hospitali imekwisha kuwaarifu wakaguzi. Chanzo cha usumbufu huo ni kwamba kazi ya kulinda usalama imegawanywa kati ya ngazi tatu za serikali: taifa, jimbo na manispaa. Kijarida hiki kinaeleza mgawanyo huo, ili kila kaya ijue mlango upi wa kubisha.

Usalama kazini ni jukumu la taifa

Wahamiaji wengi wametoka katika nchi zenye utaratibu mwingine. Nchini Tanzania, masuala ya kazi si ya Muungano: Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) husimamia Tanzania Bara chini ya sheria ya mwaka 2003, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1970 inaruhusu jimbo kuendesha ukaguzi wake lenyewe, likiidhinishwa na serikali ya shirikisho.

Afrika Kusini haikufuata njia hiyo. Majedwali ya Katiba ya 1996 yanayoorodhesha mamlaka ya majimbo na manispaa hayataji masuala ya kazi. Kwa hiyo sheria kuu ya usalama na afya kazini, Sheria Na. 85 ya 1993, husimamiwa na Idara ya Ajira na Kazi ya taifa. Idara hiyo ina ofisi zake katika Jimbo la Gauteng, lakini ofisi hizo ni za taifa, si za serikali ya jimbo.

Mkaguzi wa Idara anaweza kuingia mahali pa kazi bila kumwarifu mwajiri mapema, kuuliza maswali na kudai nyaraka. Akiona hatari kubwa, hutoa ilani ya kukataza, na kazi ile husimama. Akiona kanuni imevunjwa, hutoa ilani inayomtaka mwajiri arekebishe kasoro katika muda uliowekwa. Kiwanda, gereji, duka, eneo la ujenzi na nyumba yenye mtumishi wa ndani vyote vimo chini ya sheria hii.

Migodi ina sheria yake, Na. 29 ya 1996, na wakaguzi wake chini ya idara ya taifa inayosimamia madini. Sheria hiyo humpa mchimbaji haki ya kuondoka mahali anapoona kwa sababu za msingi kwamba pana hatari kubwa kwa afya au usalama wake.

Jiji hukagua nini

Katiba imezipa manispaa udhibiti wa majengo, zimamoto, afya ya mazingira na leseni za wauza vyakula. Maafisa wa afya ya mazingira wa Jiji la Johannesburg hukagua usafi wa jikoni, maji, taka na uhifadhi wa chakula. Zimamoto hukagua njia za kutokea na vifaa vya kuzimia moto.

Mgahawa mmoja waweza basi kutembelewa na wakaguzi wa aina mbili. Nyama iliyooza na panya katika ghala ni mambo ya Jiji. Mashine ya kukatia nyama isiyo na kinga, iliyomkata mpishi vidole, ni jambo la Idara ya Ajira na Kazi. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli wafanyakazi wakiwa ndani ni kosa la kuripotiwa kwa wote wawili.

Jimbo hutibu

Hospitali kama Chris Hani Baragwanath na Charlotte Maxeke ziko chini ya Serikali ya Jimbo la Gauteng. Kazi yake ni tiba, wala si ukaguzi. Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, mgonjwa au jamaa yake hana budi kumwambia daktari waziwazi kwamba jeraha limepatikana kazini, ili liandikwe hivyo katika ripoti ya tiba. Maneno hayo yakikosekana, madai ya fidia hudhoofika.

Hata kazi ya Jiji hukaguliwa na taifa

Tarehe 14 Oktoba 2015, jukwaa la muda la daraja la waenda kwa miguu lilianguka juu ya barabara kuu ya M1 karibu na Grayston Drive, Sandton. Watu 2 walifariki na 19 wakajeruhiwa. Mradi ule ulikuwa wa wakala wa maendeleo wa Jiji lenyewe. Pamoja na hayo, uchunguzi rasmi chini ya Sheria Na. 85 uliendeshwa na idara ya kazi ya taifa. Tukio hilo linaonyesha faida ya mgawanyo: mwenye mradi hawi mkaguzi wa usalama wa mradi wake.

Wajibu wa mwajiri

Mwajiri hana budi kuwaeleza wafanyakazi hatari za kazi yao na kuwapa vifaa vya kinga vinavyotakiwa na sheria. Haruhusiwi kuwakata mshahara kwa ajili ya vifaa hivyo. Penye wafanyakazi zaidi ya 20, lazima wawepo wawakilishi wa usalama na afya.

Mtu akifariki, akizimia, akipoteza kiungo, au akiumia kiasi cha kushindwa kufanya kazi yake ya kawaida kwa siku 14 au zaidi, mwajiri lazima amwarifu mkaguzi. Mtu akifariki au akipoteza kiungo, mahali pa ajali hapapaswi kuguswa bila ruhusa ya mkaguzi, isipokuwa kwa kuokoa maisha au kuzuia madhara zaidi.

Fidia

Fidia ya ajali na magonjwa ya kazi hutolewa chini ya Sheria Na. 130 ya 1993, kupitia Mfuko wa Fidia wa taifa. Mwajiri hutakiwa kuripoti ajali ndani ya siku 7 tangu alipopata habari, kwa fomu W.Cl.2. Mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 75 ya mapato yake, kwa kadiri ya kiwango cha juu kilichowekwa. Kwa miezi 3 ya kwanza mwajiri ndiye hulipa, kisha hurudishiwa na Mfuko.

Watumishi wa majumbani walikuwa wameachwa nje. Mwaka 2012 mtumishi mmoja alizama katika bwawa la kuogelea la mwajiri wake Pretoria, na binti yake akafungua shauri. Tarehe 19 Novemba 2020 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kuwatenga ni kinyume cha Katiba, na kwamba uamuzi huo urudi nyuma hadi tarehe 27 Aprili 1994.

Asiye na kibali

Sheria Na. 85 humtambua kuwa mfanyakazi mtu yeyote anayemfanyia mwajiri kazi na kulipwa au kustahili kulipwa; haitaji uraia. Mwaka 2008 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba mgeni asiye na kibali cha kazi hulindwa na sheria ya mahusiano ya kazi. Ni kweli pia kwamba ukaguzi mwingine hufanywa pamoja na maafisa wa uhamiaji. Kwa sababu hiyo, asiye na kibali hufanya vyema kupata kwanza ushauri wa chama cha wafanyakazi au kituo cha msaada wa kisheria, badala ya kunyamaza. Mwajiri anayemfukuza mfanyakazi au kumpunguzia mshahara kwa kuwa amempa mkaguzi habari hutenda kosa.

Baada ya ajali

1. Matibabu hutangulia. Gari la wagonjwa huitwa kwa 10177, au kwa 112 kutoka simu ya mkononi.
2. Mwajiri aarifiwe mapema, ikiwezekana kwa maandishi.
3. Picha, tarehe, saa na majina ya mashahidi vihifadhiwe, pamoja na nakala za fomu na vyeti vya daktari. Mali bila daftari hupotea bila habari.
4. Mwajiri asiporipoti, mfanyakazi au jamaa yake aende mwenyewe katika ofisi ya karibu ya Idara ya Ajira na Kazi.

Hatari isingoje ajali. Jukwaa linaloyumba au waya ulio wazi waweza kuripotiwa leo, wakati wote wangali wazima.